Samaki wa Jumamosi

Kwa miaka mingi watu wa mtaa wa Kajificheni, Mji Mkongwe, walimjua Masoud Ubwa kwa mkia wa samaki. Kila asubuhi, akishakunywa chai, alitungua kikapu chake cha ukili kwenye msumari wa nyuma ya mlango, akashuka ngazi, akapita vichochoroni mpaka soko la Darajani. Akirudi, samaki alikuwa ndani ya kikapu na mkia uko nje. Si kwamba kikapu kilikuwa kidogo. Kilikuwa na uwezo wa kumeza kolekole mzima na mboga zake juu. Mkia ulikaa nje kwa sababu njia ya kurudia ilipita mbele ya baraza la Hafiz, na hapo walikaa wanaume ambao tangu wastaafu walikuwa na kazi moja kubwa: kutazama nani kapita na nini.

"Kolekole huyo," Hafiz husema, kikombe cha kahawa kikiwa bado mdomoni.

"Wa mnadani," Masoud hujibu bila kusimama. "Hata mkia haujakauka."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote, na yalimtosha mpaka kesho yake. Mtaani kwao mwanamke hupika, mwanamume huleta cha kupika, na kinacholetwa huonekana. Masoud alikuwa fundi wa umeme, mpanda nguzo. Taa za mtaa zikizimika, watu walikuwa wakilitafuta jina lake kabla ya mshumaa. Alipostaafu, ngazi na mkanda wa kupandia alivirudisha kazini. Kilichobaki cha kumtoa nyumbani kama mtu mwenye shughuli zake kilikuwa kikapu.

Kisha paa likaanza kuvuja.

Nyumba aliachiwa na baba yake, na yeye na mkewe, Bi Tabia, waliishi ghorofa ya juu, chini ya mabati yaliyokuwa na umri wa kutosha kuitwa wazee. Masika iliyopita maji yaliingia chumbani, upande wa Masoud wa kitanda. Bi Tabia aliweka ndoo mahali pa mto wake, na Masoud akalala kinyume, kichwa miguuni, kwa muda wote wa mvua. Mvua zilipokata, fundi Mbarouk alipanda kutazama, akashuka na kutu mpaka kwenye kope.

"Mzee wangu, hapa hapazibiki," alisema. "Hapa panaezekwa. Na msikawie. Boriti zimeanza kunywa maji. Zikipata masika nyingine, hamtazungumza tena na mtu wa mabati, mtazungumza na mtu wa nyumba nzima. Huyo simjui bei yake."

Mtoto wao Jamil, anayefanya kazi Maskati, aliposikia habari alitaka kutuma fedha siku ileile. Bi Tabia alikataa kabla Masoud hajafungua mdomo. Posa ya Jamil ilikuwa ndiyo kwanza imekubaliwa, na mahari na nyumba vilikuwa vinamngoja.

"Mtoto ndiyo anaanza maisha yake," alisema simu ilipokatwa. "Tumtwishe na paa letu?"

Masoud alikubali. Alikuwa na sababu yake nyingine ambayo hakuitamka. Nyumba ile baba yake aliiezeka kwa mkono wake, na yeye alitaka, akiulizwa, aweze kusema vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba pensheni yao, kwa hesabu yake, haikuwa na mwanya hata wa kupitisha sindano.

Bi Tabia aliuona mwanya. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri alitandika jamvi katikati ya chumba akaanza kupanga vitu juu yake, kimoja kimoja. Vichujio vya chai vitatu. Tochi mbili, moja haiwaki. Fungu la ukwaju lililokauka likawa jiwe. Kandambili mpya, saizi ya mtu asiyekuwemo humo ndani. Sabuni za harufu kali ambazo hakuna aliyethubutu kuzifungua.

"Nani kanunua hivi?"

"Mimi."

"Ulikwenda kununua nini?"

Masoud alivitazama vile vitu. "Samaki," alisema.

"Baba Jamil, wewe huendi kununua samaki. Wewe unakwenda kuamkiana. Na salamu zako zote zina bei."

Masoud alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Kandambili zile alizinunua kwa mtoto wa marehemu rafiki yake. Sabuni, kwa kijana aliyemwita "babu" kwa sauti nzuri. Kila siku alipita Darajani na kila siku Darajani ilimjua.

"Basi nifanye nini? Nisisalimie watu?"

"Wasalimie Jumamosi."

Ndivyo amri ilivyotoka. Sokoni mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi, na hapo katikati haendi mtu, hata kwa ndimu moja. Bi Tabia hakuizua siku hiyo. Mama yake alikuwa mtu wa Makunduchi, wa zama ambazo kuja mjini kulikuwa safari, si matembezi, na nyumba yao ilijifunza kununua mara moja na kula mara nyingi. Alichofanya ni kuvuta kumbukumbu.

Jumamosi ya kwanza Masoud alirudi na nguru mzima, changu wa kutosha, tungule, vitunguu, mbatata, nazi zikiwa bado na makumbi yake na mkungu wa ndizi mbichi uliobebwa na hamali. Barazani walimshangilia kama bwana harusi. Juu, Bi Tabia alikunja mikono ya gauni akaanza kazi. Nguru alikatwa vipande: vingine vikatiwa ndimu, thomu na tangawizi vikakaangwa, vingine vikaingia kwenye barafu ya friji. Changu aliwapasua mgongoni, akawatia chumvi, akawaanika kwenye uwanja mdogo wa juu wawe ng'onda. Tungule, nyanya zile, alizichemsha mpaka zikawa rojo zito, akalitia chupani na kulimiminia mafuta juu. Mkungu ulining'inizwa kwenye boriti, uive kwa zamu, kutoka juu kwenda chini. Alasiri jiko lilinuka kama nyumba ya shughuli.

"Haya," alisema, akijifuta mikono kwa kanga. "Sasa soko liko hapa."

Kwa Masoud taabu ilianza Jumapili. Kikapu kilikuwa msumarini na yeye alikuwa chini yake, amevaa kofia, hana pa kwenda. Alishuka mikono mitupu. Barazani wakamuuliza kulikoni, akasema mguu. Jumatatu akasema mguu tena, ingawa alisahau ni upi na akachechemea kwa mwingine. Jumanne hakuweza tena. Bi Tabia alipokuwa juu akigeuza ng'onda, Masoud alifungua friji, akautoa mkia wa nguru uliokuwa umewekwa kwa ajili ya supu, akatandika magazeti ya zamani kikapuni, akaweka nazi mbili juu yake na mkia ukachungulia nje kama siku zote.

Nia yake ilikuwa azunguke mbali, kupitia Mkunazini, arudi kwa mwendo wa mtu aliyetoka mnadani. Lakini kila alipogeuka aliona mtu anayemjua, na kila anayemjua angeuliza bei. Akakatisha. Alifika barazani baada ya muda ambao haumtoshi mtu hata kufika Darajani, sembuse kurudi.

"Nguru huyo," alisema Hafiz.

"Nguru."

Karibu na Hafiz alikaa Amour, mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu wa miwani na mtu wa maswali. Alijiinamisha.

"Yakhe, hebu ngoja. Mbona mkia umeota mvi?"

"Siku hizi wanawatia barafu."

"Barafu ya kulazia samaki naijua. Huyu kaganda! Kavuliwa wapi, Urusi?"

Baraza zima lilicheka. Hafiz akanyoosha mkono ahakikishe, na ule mkia, ambao haukuwa umeshikwa na kitu chochote, ukateleza ukaanguka juu ya jiwe. Uligonga *ko*, kama rungu. Wote wakautazama. Haukuwa na mwili.

"Na kichwa chake?" Amour aliuliza kwa upole wa mwalimu.

"Kichwa kimetangulia nyumbani," alisema Masoud.

Hafiz alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzuni. "Jamani! Leo Bwana Masoud katoka kapa na kapu lake mkononi!" Kisha akauonyesha uchochoro kwa kidole. "Na mtaa wenyewe walijua walipouita. Kajificheni, bwana, kajificheni!"

Masoud aliokota mkia wake akapanda ngazi.

Kicheko angekivumilia. Kilichomchoma kilikuja mchana. Mlangoni palisikika hodi ya msichana. Alikuwa Rawiya, binti wa Amour, amebeba sahani iliyofunikwa kawa.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

"Sikai. Baba kasema mpokee hiki. Kasema..." akatazama chini, "kasema msione vibaya."

Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Majirani wa Mji Mkongwe hupelekeana sahani mwaka mzima, na sahani ya ujirani huja kimya. Hii ilikuja na maneno. Rawiya alipoondoka, Masoud alikaa kitako karibu na kawa kana kwamba limefunika maiti.

"Wanatuona hatuna," alisema.

"Kwa nini watuone hatuna?"

Ikambidi aseme. Alisimulia yote, mguu, magazeti, barafu, mpaka kichwa kilichotangulia nyumbani. Bi Tabia alisikiliza hali amekaza uso, na walipofika kwenye kichwa akaegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka chini, akicheka bila sauti, machozi yakimtoka. Alipomaliza alijifunga kanga upya.

"Sahani hairudi tupu," alisema.

Alitoa vipande vya nguru, akakuna nazi, akafungua chupa ya rojo la tungule. Samaki wa kupaka aliyempika siku ile Masoud anasema hajamla mfano wake kabla wala baada, na yeye si mtu wa kumsifu mkewe mbele ya watu. Alizungusha chapati pembeni, akafunika kawa la Amour juu, akamkabidhi mumewe.

"Utapeleka wewe."

"Mie? Mwanamume mzima nipite njiani na sahani?"

"Ulipita na mkia."

Akapeleka. Baada ya sala ya alasiri baraza lilikuwa limejaa. Masoud aliiweka sahani katikati, juu ya jiwe lilelile, akafunua kawa. Watu walinawa. Mikono ikakutana sahanini. Amour alikuwa wa kwanza kuinua kichwa.

"Huyu wa leo asubuhi," alisema. "Hunidanganyi."

Masoud alikuwa na nafasi ya kunyamaza, na mambo yangekwisha hapo. Alitazama vidole vyake.

"Huyo ni ndugu wa ule mkia," alisema, kwa sauti ya chini. "Wa Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Hii iliyopita. Sokoni nnakwenda mara moja kwa wiki. Mke wangu ndivyo alivyopanga. Paa langu limeoza, nataka kuezeka kabla ya masika, na sitaki kumwomba mwanangu."

"Kwa hiyo Bi Tabia kakufanya mtu wa shamba," Hafiz alisema, lakini mkono wake ulikuwa kwenye chapati.

"Kula," alisema Masoud.

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi, na Masoud hasemi kwamba zilikuwa rahisi. Asubuhi zilikuwa ndefu. Alijifunza kukuna nazi, akagundua kwamba mbuzi ya kukunia ina ufundi wake na kwamba vidole vyake vya umeme havikuujua. Jumatano moja ilibidi apite Darajani kwenda kumwona mgonjwa. Alipita ameshika mikono nyuma, kama mtu aliyeonywa. Muuza samaki wake wa siku zote alimwita kutoka mezani.

"Mzee Masoud! Umehama?"

"Nimehama siku," alisema Masoud, bila kusimama. "Nitafute Jumamosi."

Alifika kwa mgonjwa na fedha yote aliyotoka nayo. Aliporudi alimsimulia Bi Tabia kisa hicho mara mbili.

Jaribio kubwa lilikuja Alhamisi, siku ambayo friji ilikuwa imebaki na maji ya baridi. Hodi ilipigwa adhuhuri: dada yake, Faiza, kutoka Chukwani, na wajukuu zake, hakuna simu wala taarifa. Mkono wa Masoud ulikwenda wenyewe kwenye msumari. Mgeni kutoka Chukwani kukuta nyumba ya kaka yake haina kitoweo ni habari ambayo ingefika Chukwani kabla ya mgeni mwenyewe.

"Kirudishe," Bi Tabia alimwambia kwa sauti ya chini. "Kaa na dada yako."

Aliteremsha ng'onda, akawaloweka, akawapika kwa nazi na mbatata, na ndizi zilizobaki mkunguni akazipika kwa maziwa ya nazi na iliki. Watoto waligombania ukoko. Faiza, ambaye hajapata kuondoka nyumba ya mtu bila kuacha kasoro moja, alisimama mlangoni muda mrefu akiitafuta.

"Wifi," alisema mwishowe, "hawa ng'onda unawanunua wapi?"

"Nawanunua wakiwa hai," alisema Bi Tabia.

Kilichookolewa hawakukiweka ndani kikae kama fedha, kwa kuwa fedha, alivyosema Bi Tabia, nayo hupenda kuamkiana. Kila ilipotosha waliigeuza bati. Jumamosi moja ya mwanzo wa kiangazi Masoud alionekana akirudi kutoka Darajani, kikapu mkononi na nyuma yake hamali anasukuma gari la mkono. Juu ya gari yalikuwepo mabati mapya, marefu kuliko gari, ncha zake zimetokeza nyuma zikimeta kwa jua.

Amour alivua miwani akaifuta, akaivaa.

"Hafiz, hebu tazama. Bwana Masoud leo kavua nini?"

"Naona mkia," alisema Hafiz. "Mwili wake sijui."

"Mwili uko njiani," alisema Masoud. Na safari hii alisimama, akakubali kahawa.

Mabati yaliegemezwa ukumbini, na kila baada ya Jumamosi kadhaa yakaongezeka. Ukumbi ukawa mwembamba. Wageni walipita ubavu. Hakuna aliyelalamika. Mke wa Hafiz, Bi Saadiya, alipanda siku moja kuazima ungo, akakaa mpaka magharibi, akashuka na chupa ya rojo la tungule na maelekezo yake. Wiki ya pili yake Hafiz hakuonekana sokoni tangu Jumapili mpaka Ijumaa. Barazani hakuna aliyemuuliza kuhusu mguu wake. Masoud alimtazama tu, akanywa kahawa yake.

Mbarouk aliezeka mawingu ya masika yakiwa yameshaanza kujikusanya upande wa kusi. Masoud alipanda naye. Bi Tabia alisimama chini ya ngazi akimkumbusha umri wake kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia, naye Masoud amebana misumari mdomoni, kama zamani nguzoni, asiweze kumjibu. Boriti mbili zilibadilishwa. Zilizobaki, Mbarouk alizigonga moja moja kwa nyundo, akasikiliza, akasema zimewahiwa.

Jioni hiyo Jamil alipiga simu ya picha kutoka Maskati. Masoud alielekeza simu juu, mabati mapya yakajaa kwenye kioo.

"Baba, hizo fedha mmetoa wapi?"

"Darajani," alisema Masoud.

"Mmeuza nini?"

"Hatukuuza. Hatukununua. Wewe maliza mahari yako, utuletee mkwe. Pa kumlaza pana bati."

Mvua ya kwanza ilikuja asubuhi ya Jumatano, ya kishindo, bila manyunyu ya kutangulia. Bi Tabia, kwa mazoea, alikuwa ameshaiweka ndoo kitandani kabla hajakumbuka. Masoud alikaa ukingoni mwa kitanda akaichungulia. Akangoja. Alitia mkono ndani akapapasa chini kabisa, akautoa, akauonyesha kwa mkewe: mkavu.

Huko nje maji yalikuwa yanashuka uchochoroni kama mto, na baraza la Hafiz lilikuwa chini yake. Masoud alifungua dirisha. Wazee walikuwa wamebanana mlangoni, kanzu zimepandishwa, vikombe vya kahawa vimejaa mvua.

"Pandeni!" aliita. "Pandeni juu, mnangoja nini?"

Walipanda, wakapita ukumbini ambako sasa palikuwa na nafasi, wakavua viatu. Kila mmoja aliyeingia aliinua macho juu, na Masoud alimpa kila mmoja muda wake wa kutazama. Bi Tabia hakuuliza wangapi. Alileta chapati, akaleta chai ya tangawizi, akaleta samaki wa kukaanga waliopangwa sinia zima, katika asubuhi ambayo mjini hapakuwa na mwanamume mwenye akili aliyekwenda Darajani.

Mvua juu ya mabati mapya ilikuwa na kelele ya ngoma kumi. Watu walionyeshana kwa mikono. Amour alikula kipande kimoja, akachukua cha pili, akajiinamisha kwa Masoud, mdomo karibu na sikio.

"Samaki wa lini huyu?"

"Nini?"

"Nasema, samaki wa lini?"

Masoud Ubwa alijaza kifua chake. Dirisha bado lilikuwa wazi, na upande wa pili wa uchochoro majirani walikuwa wamesimama madirishani wakitazama maji.

"Wa Jumamosi!" alipiga ukelele, na Kajificheni nzima ikasikia.